Kadhi wa Kampeni

Makamanda, mwaka 2005 nilikuwa bado nabebwa mgongoni, lakini ilani ya CCM ya mwaka ule nimeisoma. Iliahidi kulipatia ufumbuzi suala la Mahakama ya Kadhi Tanzania Bara. Kura zikapigwa, wakashinda, kimya. Muswada ulikuja kuibuka Dodoma lini? Wakati serikali inahitaji kura za "ndiyo" kwa Katiba Inayopendekezwa. Maaskofu wakaja juu, na mwaka 2015 muswada ukaondolewa. Waislamu waliuziwa matumaini, Wakristo wakauziwa hofu. (Zanzibar kadhi yupo miaka yote na jua linachomoza kama kawaida.)

Sasa niwaambie nilichokiona nikiwa fildi kwenye mahakama ya mwanzo. Mama mjane, ana watoto, mume alikuwa Mwislamu. Shemeji zake wanadai marehemu aliishi kimila. Kwa sheria ya Kiislamu, mama huyu ana thumuni yake. Kwa sheria za mila zilizoandikwa mwaka 1963 kwa jamii zinazofuata ukoo wa baba, hana fungu. Atunzwe na watoto wake. Basi vikao vinaisha watu wakiulizwa: alikuwa anaswali? Alioa vipi? Alizikwaje? Nyumba ya mama inategemea majibu ya majirani.

Kadhi angemsaidia? Labda. Lakini hata kadhi ingebidi aanze na swali lilelile: huyu marehemu aliishi vipi? Hilo sijawahi kulisikia jukwaani, si kwa wanaotaka mahakama hiyo wala kwa wanaoipinga. Halina makofi.

Na sisi tusijisafishe. Upinzani tumeshaitwa chama cha kanisa, tukaitwa chama cha msikiti, inategemea msemaji yuko mkoa gani. Inauma. Lakini kwenye magrupu yetu ya WhatsApp nawaona wenzetu wakijibu udini kwa udini, halafu wanajiita wanamageuzi. Kwa kweli hapo nakosa cha kuwatetea.

Siku namaliza fildi kesi iliahirishwa tena. Mama aliniomba nimwandikie tarehe kwenye bahasha yake ya kaki, ilikuwa tayari ina tarehe nne zilizokatwa.

Mgombea wetu akija tawini kwenu, msimwulize yuko upande gani wa kadhi. Mwulizeni ile Amri ya Sheria za Mila ya 1963 ataifanya nini, na asiondoke bila kujibu.