Uzamivu wa jenetiki Marekani: kwa nini nafasi zinapungua?

Kijana wa Nairobi au Kampala anayeomba kusomea shahada ya uzamivu ya biolojia ya molekuli nchini Marekani hukutana na jambo linalomshangaza: akikubaliwa, halipi ada, na juu ya hapo analipwa posho.

Hiyo si sadaka. Katika sayansi za maabara, mwanafunzi wa uzamivu kule ni nusu mwanafunzi, nusu mfanyakazi. Mwaka wa kwanza huzunguka maabara mbili au tatu, wiki kadhaa kila moja, hadi apate profesa wa kumsimamia. Kisha hufanya utafiti hadi amalize, na safari nzima huchukua miaka 5 au 6. Posho, ada na bima yake kwa kawaida hulipwa na ruzuku ya utafiti ya profesa huyo.

Na ruzuku hiyo, mara nyingi, hutoka mfuko mmoja: Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, NIH, ambazo bajeti yake ni zaidi ya dola bilioni 45 kwa mwaka. Mfuko huo ukiyumba, profesa mwenye ajira ya kudumu hubaki na kiti chake. Anayekosa ni yule aliyekuwa bado anasubiri barua.

Februari 2025, NIH ilitangaza kwamba fedha zinazolipia gharama za uendeshaji wa vyuo, kama vile majengo, umeme na utawala, zisizidi asilimia 15 ya ruzuku. Baadhi ya vyuo vilikuwa vikipata zaidi ya asilimia 50. Mahakama iliuzuia uamuzi huo, lakini hofu ilikuwa imeshaingia. Mwezi Machi, chuo cha tiba cha UMass Chan, jimboni Massachusetts, kilifuta nafasi kilizokuwa kimeshawapa waombaji wa uzamivu wa sayansi za tiba.

Mgeni ana mzigo wa ziada. NIH ina ruzuku maalumu za mafunzo ya uzamivu, ila ni za raia na wenye ukaazi wa kudumu tu. Kwa hiyo yeye humtegemea profesa moja kwa moja, na profesa asiyejua mwakani atakuwa na shilingi ngapi huogopa kumwahidi mtu miaka mitano. Halafu kuna viza. Mwishoni mwa Mei 2025 miadi mipya ya mahojiano ya wanafunzi ilisimamishwa kwa wiki kadhaa, na mwezi Juni Burundi ikawekwa kwenye orodha ya nchi ambazo raia wake wamezuiwa kupewa viza za masomo.

Je, si wasome nyumbani? Wapo wanaosoma. Chuo Kikuu cha Ghana kina kituo cha WACCBIP kinachofundisha uzamivu wa fani hii, na mradi wa H3Africa ulifadhili utafiti wa vinasaba barani kuanzia 2012 hadi 2022. Lakini tazama waliolipia: H3Africa iliendeshwa kwa fedha za NIH yenyewe na shirika la Wellcome la Uingereza. Na Mei 2025, NIH ilisitisha utaratibu wa vyuo vya Marekani kugawa sehemu ya ruzuku mpya kwa washirika wa ng'ambo hadi mfumo mwingine uandaliwe. Mlango wa mbele na wa nyuma uko kwenye nyumba moja.

Hasara yake haiko kwa waombaji pekee. Mwaka 2005, watafiti wa Dallas waligundua kwamba Wamarekani weusi wapatao 2 au 3 kati ya 100 wana badiliko katika jeni ya PCSK9 linaloshusha lehemu mwilini. Miaka 10 baadaye dawa zilizotokana na ugunduzi huo zilikuwa sokoni. Hata hivyo, Waafrika bado ni sehemu ndogo mno ya watu wanaochunguzwa katika tafiti kubwa za vinasaba.

Kwa anayeomba sasa, kuna swali moja la kumwandikia profesa kabla ya kulipia maombi: ruzuku yako inaisha lini?