Hazina iliyomo katika mavi ya shaba

Mkazi wa Gisenyi hahitaji kufundishwa habari za jiwe jeusi. Nyua na kuta nyingi za mji huo zimejengwa kwa mawe yaliyoganda baada ya kutoka katika moto wa Nyiragongo. Huko Lubumbashi, nchini Kongo, kipo kilima cheusi kifananacho na mawe hayo, lakini hicho hakikutoka tumboni mwa ardhi: kilitoka tanurini. Tangu shaba ilipoanza kuyeyushwa mjini humo mwaka 1911, mavi yake yalimwagwa kando ya kiwanda hata yakawa mlima.

Ndani ya mavi hayo mlisalia shaba kidogo, kobalti, zinki na jemaniamu. Hii ya mwisho ni madini adimu. Hutiwa katika nyuzi za kioo zipitishazo mazungumzo ya simu, na hutengenezewa lenzi za darubini zimwezeshazo askari kuona gizani. Agosti 2023, China, mzalishaji wake mkuu, ilianza kudhibiti uuzaji wake nje. Mwaka 2024, kampuni ya STL, iliyo mali ya shirika la Gécamines la Kongo, ikapeleka Ubelgiji shehena yake ya kwanza.

Kazi ya namna hii yataka subira. Kwa kawaida mavi husagwa yakawa unga, kisha hukorogwa na tindikali ya salfa matangini. Madini huyeyukia humo. Maji huchujwa, na kila madini hutengwa kwa zamu yake. Kipimo kikikosewa, silika iliyomo hugeuka uji mzito na kuziba chujio.

Hapa ndipo penye funzo kwa jamaa. Asitokee baba wa kujaribu elimu hii uani kwa tindikali ya betri ya gari. Tindikali hiyo huunguza ngozi na kupofusha macho. Na betri ikipasuliwa, risasi iliyomo hudhuru akili za watoto. Betri iliyokwisha na irudishwe ikiwa nzima kwa fundi aijuaye kazi hiyo. Aliyerukiwa na tindikali avuliwe nguo zilizolowa, aoshwe papo hapo kwa maji mengi yatiririkayo kwa muda wa dakika 20 au zaidi, ndipo apelekwe kituo cha afya.

Mali hupatikana hata jaani, ila kila mali ina mtoaji wake. Kazi ya nyumbani ni kulinda afya ya waliomo.