Goma: Msanii si wa sikukuu tu

Mjini Goma, msanii anachora amani ukutani asubuhi, mchana anafundisha vijana wa mtaa bure, jioni anaimba jukwaani. Kuanzia mwaka wa 2014, Festivali Amani ilionyesha kwamba wakaaji wa Kivu ya Kaskazini wanaweza kukusanyika kwa ajili ya muziki, si kwa kukimbia risasi. Lakini jukwaa likibomolewa, rangi na mikro msanii anajinunulia mwenyewe. Viongozi wanaomwita apambe sherehe zao wamlipe jasho lake, tena wampe chumba cha kufundishia. Kijana aliyeshika brashi ao gitaa hana haraka ya kushika bunduki. Akikosa cha kushika, wenye bunduki wako tayari kumpokea.