Tuwaombe Waholanzi Waziwazi

Kwa mtu aliyekulia Katuba au Kamalondo, mitaa ya Lubumbashi, sherehe ya kwanza ya siku ya kuzaliwa hapa Uholanzi ni fumbo. Viti vimepangwa duara. Kila anayeingia anawapa mkono wote walioketi na kuwapongeza: mwenye siku yake, mama yake, shangazi yake, hata jirani. Inaletwa kahawa na kipande kimoja cha keki. Saa ya kumaliza ikifika, watu wanavaa makoti. Wengi wetu tumerudi nyumbani, tukabandika sufuria ya bukari (ugali wetu), na kusema: hawa watu ni wachoyo.

Jarida hili halikubali hukumu hiyo. Anayekualika mwezi mzima kabla ameandika jina lako kwenye ajenda yake, na siku hiyo hatampa mwingine. Tazameni kalenda ya siku za kuzaliwa inayotundikwa chooni katika nyumba nyingi: imejaa majina ya wajomba na marafiki wa shule, na hakuna anayesahaulika. Tabia hiyo ina asili yake: karibu robo ya nchi hii iko chini ya usawa wa bahari. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953, maji yalibomoa kingo huko Zeeland na kwingineko, yakaua watu 1,836. Watu waliopitia hayo hawaachi mambo yajiendee. Wanapima, wanaandika, wanatunza. 

Na kati ya vitu wanavyovitunza, kimoja ni chetu. Mwaka 1973 na 1974, Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa Lubumbashi, alimchorea Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha kwenye chuo kikuu cha mji huo, historia nzima ya nchi yetu, Kongo, katika picha 101. Kisha alikaa mbele ya kinasa sauti akazieleza, kwa Kiswahili hiki hiki cha mitaa yetu. Mgomo wa wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière wa mwaka 1941, uliozimwa kwa risasi, umo. Lumumba yumo. Fabian baadaye alikuwa profesa Amsterdam, na picha zikaingia makumbusho ya Tropenmuseum, ambayo leo inaitwa Wereldmuseum. Tshibumba mwenyewe alipotea mwanzoni mwa miaka ya 1980, na hajulikani alikoishia.

Hatusemi ziliibwa. Tshibumba aliziuza kwa hiari yake, na bila utunzaji wa hapa huenda nyingi zingekuwa zimetawanyika. Lakini aliwachorea watu wake, na kijana wa Ruashi leo anamaliza shule bila kuona hata moja. Hilo linatuuma. Tunataka zionyeshwe Lubumbashi, kwenye Makumbusho ya Taifa, na zikishindwa kusafiri, basi nakala nzuri za zote 101 zibaki huko moja kwa moja.

Tutaombaje? Kwetu ombi zito huzungushwa: unasalimu, unauliza habari za watoto, unamwachia mzee akisie kilichokuleta. Hapa ombi la namna hiyo linafia mlangoni, na wala hakuna aliyekukatalia, kwa sababu hakuna aliyesikia kwamba umeomba. Mholanzi anakwambia usoni kwamba kanzu yako haikupendezi, naye anategemea umwambie unachotaka bila kuficha. Tusione haya. Kusema waziwazi na mtu wa namna hii ndiyo heshima anayoielewa.

Kwa hiyo barua yetu ya ombi kwa Wereldmuseum itakuwa na ukurasa mmoja, ombi moja, na tarehe tunayotaka kujibiwa. Itasomwa kwenye mkutano ujao wa jumuiya kabla ya kutiwa sahihi. Wapapa na wamama mliomfahamu Tshibumba, au ambao nyumbani kwenu ilitundikwa picha yake sebuleni, tuandikieni sasa: ilikuwa picha gani, mtaa gani, na iko wapi leo. Maelezo yenu yataambatanishwa.