Saratani Inapohamia Ubongoni
Mama aliyewahi kutibiwa saratani ya matiti akianza kuumwa kichwa mfululizo, kutapika alfajiri au kuanguka kifafa, jamaa wasiharakie kusema ana jini. Saratani hiyo, kama ile ya mapafu, yaweza kusafiri kwa damu hadi ubongoni. Kipimo cha MRI hutumia sumaku na mawimbi ya redio. Dawa inayodungwa mshipani huufanya hata uvimbe wa milimita chache ung'ae pichani. Mwenye chuma mwilini au maradhi ya figo na aseme mapema. Kisomo kiendelee, bali kisimcheleweshe mgonjwa kufika hospitali ya mkoa hapa Songea kuomba rufaa. Dar es Salaam, Ocean Road hutibu kwa mionzi, na MOI hufanya upasuaji wa ubongo. Uvimbe ukibainika ungali mdogo, njia za tiba huwa nyingi zaidi.