Fundi Akae Manyovu
Kompyuta ya ofisi inapozimika Manyovu, mpakani na Burundi, wa kwanza kulaumiwa bado ni umeme. Lakini tangu 2022, gridi ya Taifa ilipofika Kasulu jirani na majenereta ya dizeli kuzimwa, lawama hiyo haitoshi. Vumbi jekundu la kiangazi huziba feni, mashine ikachemka na kujizima. Na ikizimika ghafla diski inapoandika, faili huweza kuharibika. Wapo watakaosema fundi wa mjini ataelekeza kwa simu. Kwa programu, sawa. Ila pawa sapulai iliyoungua haiponi kwa maneno, na mkono wa mbali haupangusi vumbi. Kuinunulia ofisi ya mpakani kompyuta bila kuiajiria fundi wa kukaa hapo ni kutupa fedha za umma, na anayeumia ni mkulima aliyesimama dirishani akingoja kibali.