Walinzi wa Msitu Wasio na Ardhi

Maji yanayouvamia mji wa Bujumbura kila masika hayazaliwi mjini. Hushuka kutoka miteremko mikali ya milima ya Mumirwa, juu ya mji, yakapita katika mito ya Ntahangwa, Muha na Gasenyi hali yamebeba udongo, mawe na migomba iliyong'oka na mizizi yake, na usiku wa tarehe 9 Februari 2014 yaliwakuta watu wa mitaa ya Kamenge na Kinama majumbani mwao, yakaangamiza roho zaidi ya 60. Mwezi wa Aprili 2020 mto Rusizi ulifurika ukawahamisha maelfu ya watu wa Gatumba. Na mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lenyewe lilipanda likakaribia kimo lilichofikia mwaka 1964. Kwamba hali ya hewa ya dunia imebadilika, hilo halina shaka tena; lakini mvua kubwa ikiuangukia mlima uliovuliwa miti dhara lake huwa maradufu, na miti ya Mumirwa, tofauti na moshi wa viwanda vya Ulaya na Marekani, imo katika uwezo wetu.

Serikali haikukaa kitako. Tangu 2018 mradi wa Ewe Burundi Urambaye umepeleka miche vilimani, na kazi za umma za Jumamosi zimechimba makinga maji katika nchi nzima. Nazisifu juhudi hizo kwa moyo mweupe. Lakini nimeona kilimani mche uliotiwa ardhini pamoja na mfuko wake mweusi wa plastiki, mizizi imejisokota humo ndani kwa kukosa pa kwenda, na mbuzi amekwisha kula ncha yake. Aliyeupanda alikuja kwa amri, akarudi kwake. Na jirani wa pale hakuambiwa kamwe kwamba mti ule ukikua utakuwa wa nani. Katika swali hilo ndimo ulimo ugonjwa wa uhifadhi wetu.

Utazame msitu wa Kibira, juu ya milima inayoyagawa maji ya Kongo na maji ya Naili. Zamani wafalme waliwinda humo. Leo ni hifadhi ya taifa ya takriban hektari 40,000, na bwawa la Rwegura linalolishwa na mito yake hutuletea umeme. Wakazi wake wa kale ni Batwa, walioishi kwa kuwinda, kwa asali na kwa matunda ya msitu. Walipotolewa humo hawakupewa badala yake. Wengi walishika ufinyanzi, nao ufinyanzi wahitaji udongo, na udongo umo katika mabonde ambayo sasa yana wenyewe. Ubugererwa, desturi ya kumfunga asiye na ardhi kwa utumishi wa bwana mwenye ardhi, ulifutwa mwaka 1977. Katiba ya 2005 ikawapa Batwa viti vitatu katika kila baraza la bunge. Ni heshima waliyoistahili. Hata hivyo, kitini hapapandwi maharagwe, na familia nyingi za Batwa hazina hati ya hata kipande cha shamba. Ajuaye mti gani huzaa mbegu wakati gani, na nyuki wa msituni hukaa wapi, twamkuta mpakani mwa hifadhi akishukiwa kwa mzigo wa kuni.

Wapo wasemao kwamba nchi yetu ni ndogo, watu ni wengi, na mwenye njaa akipewa msitu ataufyeka. Hoja hii si ya kudharauliwa. Lakini mwenye njaa asiye na haki hukata usiku, hukata upesi, kwa sababu hana hakika ya kesho. Mwenye haki anayo sababu ya kungoja. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ilipoamua shauri la Waogiek wa msitu wa Mau nchini Kenya mwaka 2017, ilikataa kwamba kuwafukuza kulihalalishwa na uhifadhi, maadamu haikuthibitika kuwa wao ndio walioharibu.

Basi Batwa wa kando ya Kibira wapewe mashamba yenye hati, na kazi ya ulinzi yenye mshahara. Kamati za vilima vya Mumirwa zimiliki miti na majani ya mifugo yaliyopandwa kwenye makinga maji. Na sisi wa mjini, tunaolilipa shirika la Regideso umeme wa Rwegura, tukubali sehemu ya malipo hayo irudi kila mwaka kwa wanaoutunza msitu.